Makaa Yasiyotoa Moshi

Tulifahamiana kwa ugomvi. Mimi ni muuguzi katika wodi ya uzazi ya hospitali moja pale Parklands, na yeye alikuwa mkandaji, yule mwanamke ambaye familia za Kiislamu kutoka pwani humwita amtunze aliyejifungua mpaka arobaini iishe: amkande kwa mafuta, amfunge tumbo kwa kitambaa wanachokiita mkaja, amfukize udi, ampikie mchuzi wa pilipili manga. Alikuwa akija wodini hata kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, anasimama kando ya kitanda na kuanza kumpapasa tumbo mbele ya macho yangu, kana kwamba mimi ni pazia. Nilimwambia aache. Aliniuliza nimezaa wangapi. Nikamwambia bado sijazaa. Akaendelea kupapasa.

Jina lake nilikuja kulijua baadaye sana, lakini sikulizoea, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Bi Mkandaji. Mimi aliniita Sista, hata Jumapili moja aliponikuta mjini nimevaa gauni la kanisani na kiatu kirefu. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema kumbe Sista ana miguu.

Alikaa chumba cha juu karibu na River Road, juu ya duka la mabomba na misumari. Chini ya dirisha lake mikokoteni ilipita tangu alfajiri, na vijana waliokuwa wakiisukuma walimpigia kelele, "Niaje shosho!", yaani hujambo bibi kwa lugha yao ya mtaani. Yeye huwajibu kwa salamu kamili, taratibu, mpaka wa kwanza anafika kona kabla hajamaliza kuulizwa hali ya mama yake. Mmoja wao alizoea kusimama kabisa na mzigo wake ili amalizie kujibu, na wenye magari nyuma yake wakawa wanatukana. Bi Mkandaji alisema huyo ndiye pekee aliyelelewa katika barabara nzima.

Hakupenda lifti. Wazazi aliowahudumia, na mzazi katika lugha yake ni mwanamke aliyejifungua tu, walikaa ghorofa za juu Parklands na Ngara, naye alipanda ngazi zote akiwa amebeba kapu la mafuta, kwa sababu, alisema, ndani ya lile sanduku hamna hewa. Ninaikumbuka hoja hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliwaambia wazazi wasiniamini mimi na vidonge vyangu, lakini kapuni mwake hamkukosekana vidonge vya kichwa, ambavyo alivimeza bila maji, kama mtu anayetafuna karanga. Kila ifikapo Julai alikuwa akilalamika kichwa. Alikiita kichwa cha Nairobi. Baridi ya hapa, alisema, si baridi, ni uchoyo wa jua. Alikuwa mkali kwa waume waliochungulia chumbani, mkali zaidi kwa mama wakwe, lakini mzazi akilia, naye hulia, wanalia pamoja bila kuulizana sababu, kisha anampangusa kamasi na kumwambia basi, sasa tule.

Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Nilimwona akikanda mara moja tu siku zile za mwanzo, nilipomsindikiza mgonjwa nyumbani, na nikaacha kugombana naye kuhusu migongo. Kuhusu tumbo tuliendelea. Fahari yake ilikuwa moja, na hakuificha: katika miaka yake yote hakuna mzazi aliyeharibika mikononi mwake. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake.

Kwa hiyo lazima nieleze habari ya Zuhura, na nitaieleza polepole, kwa sababu ni jambo linaloeleweka vizuri likielezwa polepole.

Zuhura alijifungua mtoto wake wa kwanza wodini kwetu, katikati ya baridi kali. Alirudi kwa mama mkwe wake, ghorofa ya tatu, si mbali na hospitali, na Bi Mkandaji akaitwa. Kufukiza ni kazi inayotaka makaa. Yeye alikuwa na utaratibu wake, na alikuwa makini nao kuliko wengi: makaa huwashwa nje kwenye roshani, hupepewa, na hayaingii kwa mzazi mpaka yawe mekundu matupu, yasiyo na hata uzi wa moshi. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, katika nyumba ya pwani yenye dari ndefu na madirisha ya mbao ambayo hayajawahi kufungika sawasawa, ambamo upepo huingia na kutoka bila kubisha hodi. Huko, moshi ndio ulikuwa adui pekee.

Lakini chumba cha Zuhura kilikuwa na dirisha la kioo linalobana. Mwili wa mzazi, Bi Mkandaji aliamini, uko wazi, na baridi ikiingia haitoki tena. Siku hiyo baada ya kufukiza aliliacha jiko la makaa ndani limpashe Zuhura joto. Alifunga dirisha. Alikunja leso akaiziba nafasi iliyo chini ya mlango. Mtoto alikuwa sebuleni na bibi yake. Bi Mkandaji akaenda jikoni kupika. Aliporudi alimkuta Zuhura amelala, uso una rangi nzuri, na akafurahi kwamba mzazi amepata usingizi. Alipomwinua ili ale ndipo alipoona kichwa kinaanguka upande.

Walimleta mbio. Nilishuka kutoka wodini nikawakuta pale wanapopokelewa wagonjwa wa dharura. Kile kifaa cha kubana kidole kilionyesha kwamba damu ya Zuhura ina hewa ya kutosha, na daktari alikitazama, akamtazama Zuhura asiyeamka, akauliza kama chumbani kulikuwa na jiko. Mama mkwe alianza kusema kwamba hawana desturi ya—

"Nililiweka mimi," alisema Bi Mkandaji. "Na mlango niliuziba mimi."

Nadhani sentensi hizo mbili zilimwokoa Zuhura. Daktari hakupoteza muda tena kutafuta sababu nyingine. Alimvika barakoa ya oksijeni safi palepale.

Wiki iliyofuata, Ijumaa baada ya swala, Bi Mkandaji alikuja kunitafuta. Alikaa kwenye benchi nje ya kantini yetu, hakutaka chai. Alisema anataka kuelezwa kilichotokea, na kwamba nisimfiche kwa sababu ya umri wake. Nilimwambia habari za Zuhura si zangu kutoa, lakini habari za mwili ningeweza. Akasema mwili ndio autakao.

Mimi ni mtu ninayependa kueleza. Ni udhaifu wangu. Naona kama jambo likieleweka, nusu ya maumivu imeisha. Nikamwambia afikirie mikokoteni inayopita chini ya dirisha lake. Damu ni barabara, na ndani yake kuna chembe nyekundu, ndizo mikokoteni. Zinafika mapafuni, zinapakia oksijeni, zinazunguka mwili mzima zikishusha mlango kwa mlango. Makaa mekundu, hata yasipotoa moshi, hutoa gesi nyingine, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hurukia mkokoteni kabla ya oksijeni na kung'ang'ania, haishuki. Basi mikokoteni inapita imejaa, barabara ina shughuli kama kawaida, lakini madukani hakuna kinachofika. Ndiyo maana uso hubaki na rangi nzuri. Ndiyo maana hata kile kifaa cha kidole hudanganyika: kinaona mkokoteni umejaa, hakijui umejaa nini.

"Hata chombo chenu kilidanganyika," alisema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinitazama usoni. Kisha akaondoa macho, kama mtu aliyejikamata akichukua kitu kisicho chake. "Chombo hakikuziba mlango."

Alirudi Ijumaa nyingine, na nyingine. Kila alipokuja aliuliza kiungo kimoja, hakutaka viwili. Alianza na moyo. Nilimwambia moyo ni mpishi asiyeweza kuacha chungu aende kula. Hupiga bila kupumzika, na hula kutoka katika damu ileile unayoisukuma. Damu ikikosa oksijeni, moyo kwanza hukimbia, ukijaribu kufidia, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyohitaji zaidi kile kisichokuwepo. Akauliza kama unauma. Nikasema wengine husikia kubanwa kifua. Akaniaga akaondoka.

Siku ya figo alitulia kidogo, kwa sababu figo zina habari njema. Nilimweleza kwamba mwili ukipungukiwa huamua nani apewe kwanza, na huziondolea figo fungu lao ili ubongo na moyo vipate. Figo hufunga milango. Mkojo hupungua, uchafu hubaki kwenye damu. Lakini mara nyingi, zikipewa muda, hufungua tena. Ini nalo ni vumilivu. Misuli ina akiba kidogo yake. Inaweza kufanya kazi bila oksijeni kwa muda, ingawa baadaye hulipa kwa maumivu na uchovu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja kinachopona, midomo ikimcheza, na nikajua anahesabu upande wa rehema.

Ubongo aliuacha mwisho. Nadhani alijua. Nilimwambia ubongo hauna ghala. Ni mdogo, lakini unakula kuliko viungo vinavyouzidi kwa ukubwa, na hauweki akiba hata kidogo. Ukikosa oksijeni, katika muda ambao mtu huchukua kupika chai, baadhi ya chembe zake huanza kufa, na zinazokufa hazirudishwi.

Kila nilichomweleza kilikuwa kweli. Nilikieleza kwa upole, nilichagua maneno. Na kila Ijumaa mimi nilirudi wodini nimepungukiwa na mzigo, naye alitembea hadi mjini umemwongezekea. Niliona. Niliendelea.

Zuhura mwenyewe alitoka hospitali akitembea, na nyumbani kwao walisoma maulidi. Bi Mkandaji hakualikwa. Mama mkwe alimwambia kwenye simu kwamba Zuhura hajambo, yameisha, lakini asikanyage pale tena. Alipoomba azungumze na Zuhura amwombe radhi, simu ilikatwa. Hili lilimtesa kuliko kufukuzwa. Alinieleza, kama vile mimi nilivyomweleza habari za damu, kwamba katika dini yake Mungu husamehe linalomhusu Yeye, lakini ulilomkosea mtu yuko mtu huyo tu wa kulisamehe. Hakuna anayeweza kuitoa radhi hiyo kwa niaba yake. Ukifa bila radhi yake, mtaonana huko.

Kisha, wiki kadhaa baadaye, mambo yakabadilika. Kila mtu mtaani alijua. Zuhura alitia chumvi mara mbili. Alisimama katikati ya ukumbi asijue alikuwa akienda wapi. Alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe. Bi Mkandaji alikuja siku ambayo haikuwa Ijumaa.

"Sista, moto umeshazimwa. Vipi nyumba inaungua sasa?"

Hapo ningeweza kusema uwongo. Ningesema ni usingizi, wanawake wenye watoto wachanga husahau, mbona mimi na wewe tunasahau. Nilimwambia kwamba nyaya za ubongo zimevikwa ganda, kama waya wa umeme, na kwamba baada ya gesi hii ganda hilo wakati mwingine huanza kubomoka polepole, siku nyingi baada ya mtu kudhaniwa amepona. Wengi hurejea baada ya miezi au mwaka. Wengine hubaki na kipande kilichopotea. Akauliza ni nani hubaki nacho. Nikasema hatujui mapema. Akasimama, akajifunga buibui vizuri, akanishukuru. Alinishukuru kweli, na ndilo jambo ambalo sijaweza kulimeza.

Aliacha kazi. Akaanza kukaanga bajia kwenye mlango wa ngazi yake, na mikono ile mikubwa ikawa inageuza vitu vidogo kwenye mafuta. Lakini hakutulia. Alikuwa amekaa na yale niliyomweleza, akarudi nyuma nayo, nyumba kwa nyumba. Yule wa Ngara aliyetapika, akamwambia ni nyongo. Yule wa Pangani aliyezimia kidogo bafuni, akamwambia ni udhaifu wa damu. Vichwa vya Julai, vyao na chake. Akaanza kuwatembelea. Aligonga, akaingia, na kabla ya salamu alikwenda moja kwa moja kufungua madirisha, watu wakabaki wameshika vikombe. Halafu akawaambia. Mmoja alicheka akampa sambusa. Mmoja alimuuliza kwa nini amekuja kumtisha kwa jambo lililopita. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia amemsamehe, na akamwomba asirudi tena. Wote alipata radhi zao, kwa namna moja au nyingine. Isipokuwa ya Zuhura.

Miaka ikapita. Mimi nilihamia Kinoo, nikazaa, nikamwambia, akasema sasa tunaweza kuzungumza.

Mwaka huu, katika baridi, Zuhura alirudi wodini kwetu kujifungua wa pili. Alikuwa ameimarika sana. Alikuwa na njia zake: kila alichotaka kukumbuka alikisema kwa sauti mara mbili, na alipokwama kwenye neno alitabasamu mpaka ukaona aibu kumsaidia. Siku ya kuruhusiwa aliniuliza yule bibi wa kukanda yuko wapi. Alisema anajua kulikuwa na bibi, mwenye mikono mikubwa, na mgongo unamuua.

Nilikwenda River Road jioni hiyo baada ya zamu. Bi Mkandaji alikataa kabla sijamaliza. Alisema akimgusa bila radhi yake atakuwa mwizi. Nikamwambia basi aende akaiombe, mwenyewe ndiye aliyemwita. Alizima jiko la bajia, akakaa akilitazama. Kesho yake tulipanda ngazi za Parklands pamoja, akipumzika kila ghorofa. Mama mkwe ndiye aliyefungua. Amezeeka. Alimtazama mgeni wake, akainamisha macho, akasema, "Pita."

Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Zuhura alikuwa amejifunika blanketi juu ya sweta, analalamika. Bi Mkandaji alipasha chupa ya mafuta ndani ya bakuli la maji moto, akapiga bismillahi, akaanza mabegani. Nilisikia Zuhura akishusha pumzi. Alifika katikati ya mgongo, mikono ikasimama.

"Zuhura mwanangu, niwie radhi."

"Nimekuwia, Bibi," alisema Zuhura palepale, kwa wepesi wa watu wanaoombana radhi siku ya Idi. "Ya nini tena?"

Bi Mkandaji alinitazama. Mimi nilimtazama mama mkwe, naye alikuwa ameshika fremu ya mlango. Hapo nikaelewa. Zuhura alielezwa hospitalini, katika siku ambazo hakuna neno lililokaa kichwani mwake, na nyumbani aliambiwa ilikuwa presha ya uzazi. Miaka yote aliyoleta mtoto kliniki, nilidhani anajua.

"Hiyo si radhi," alisema Bi Mkandaji. "Amesamehe asichokijua. Sista, mweleze. Kama ulivyonieleza mimi, usipunguze."

Mama mkwe alisema, kwa sauti ndogo, "Mwambieni."

Nikamweleza. Jiko, dirisha, leso chini ya mlango. Mikokoteni. Moyo na figo, vilivyopona. Ubongo, na ganda la nyaya. Nilieleza huku mikono ya Bi Mkandaji ikiwa bado imetulia juu ya mgongo wa Zuhura, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuiondoa au kuiacha.

Zuhura hakugeuka. "Kwa hivyo si uvivu," alisema.

"Si uvivu," nikasema.

"Nimejitukana kila siku. Nimeambiwa mzembe humu ndani, nikakubali." Alisema tena, mara ya pili, kama afanyavyo: "Si uvivu." Kisha akauliza, "Na wewe Bibi ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mtoto aliguna kwenye kitanda chake, akanyamaza. Mama mkwe alikuwa amekaa chini pale mlangoni, akijipangusa uso kwa ushungi.

"Ile niliyotoa mwanzo naichukua," alisema Zuhura. "Sikuwa najua ninachotoa. Sasa sijui kama nimekusamehe. Sijui itachukua muda gani."

"Ni haki yako," alisema Bi Mkandaji. "Ichukue." Akaondoa mikono, akaanza kuipangusa kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Unaenda wapi?" Zuhura aliuliza, bado hajageuka. "Mgongo unauma."

Bi Mkandaji aliiachia kanga. Kisha akachovya mikono upya kwenye mafuta, akarudi mabegani, akaanza tena tangu mwanzo.